Nani Alisema Anadeka?

Huku kwetu Dagoretti kuna sentensi moja inayofunga mjadala wowote: "Mimba si ugonjwa." Utaisikia stejini Kawangware, utaisikia kwa foleni ya kliniki. Binamu yangu aliambiwa hivyo akiwa na mimba ya wiki 9, wakati hata maji hayakai tumboni. Kupanda 46 ilikuwa vita. Upepo ukitoka upande wa machinjioni, siku imeisha. Wengine walimletea odowa atafune. Wengine wakasema anadeka.

Nikataka kujua hii "anadeka" ina historia gani. Kumbe si maneno ya shosho pekee. Madaktari wenyewe waliisema, tena kwa Kiingereza safi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kule Ulaya, wengi wao waliamini mjamzito anayetapika kupita kiasi ana shida ya akili: hamtaki mtoto, au hampendi mumewe. Dawa yake? Afungiwe peke yake, asione wageni. Uingereza ya miaka ya 1930 kuna wanawake walionyimwa hata beseni la kutapikia, walale kwa matapishi yao ndio wakome. Hebu tulia hapo kidogo. Nesi, mtu aliyesomea kukuhudumia, anaambiwa akunyime karai.

Kati ya 1931 na 1940, ugonjwa huu uliua Uingereza wanawake 159 kwa kila uzazi milioni 1. Kati ya 1951 na 1960 walikuwa 3. Watatu! Hawakuacha kudeka, manze. Kilichobadilika zaidi ni dripu: maji na chumvi kwa mshipa. Waliotangulia walikuwa wanakauka huku wakiambiwa wajikaze.

Lakini ile lawama haikufa. Mwaka 1999, Marlena Fejzo, mwanasayansi wa jenetiki Marekani, alipoteza mimba ya wiki 15 kwa sababu ya kutapika. Daktari wake alikuwa amemwambia anatafuta tu kuonewa huruma. Basi akaenda kutafuta chanzo mwenyewe. Desemba 2023, yeye na wenzake wakaonyesha kuwa homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa mtoto na kondo la nyuma, ndiyo mshukiwa mkuu. Mama ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba huumia zaidi. Iko kwa damu, si kwa tabia.

Hapa ndipo nina shida na sisi. Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali za umma, na ilikuwa jambo kubwa. Ila mama wa wiki 9 bado yuko mbali na hiyo siku. Saa hii anapoteza kibarua, hawezi kupikia mtoto wa kwanza, anaogopa kuzaa tena. Kuna wanaotoa mimba waliyoitaka kwa sababu hawawezi kuendelea. Na huduma ya kuanzia si roketi: mpime uzito, pima mkojo, mpe dawa ya kuzuia kutapika, mtundikie dripu, na vitamini B1 itangulie ile ya glukosi kwa sababu bila hiyo ubongo unaweza kuumia. Halafu muulize analalaje.

Kwa hivyo kama kuna mjamzito kwenu ambaye hajaweka chochote tumboni kwa saa 24, au hajakojoa kwa saa 8, weka odowa kando. Mtafutie gari, mwende hospitali naye, na ubebe karai.