Kinamasi cha Saiwa

Atokaye Kitale kwa njia ya Kapenguria hukuta mashamba ya mahindi kulia na kushoto hata akachoka kuyatazama. Ndipo, upande wa Kipsaina, ardhi hushuka, na katika bonde jembamba huonekana matete na mafunjo yaliyosongamana, na maji chini yake. Hicho ndicho kinamasi cha Saiwa. Mwaka 1974 Serikali ilikifanya mbuga ya taifa. Eneo lake ni kilomita za mraba 3 tu, wala Kenya haina mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko hiyo.

Iliwekwa kwa ajili ya mnyama mmoja, yaani nzohe. Huyu ni jamii ya kulungu, lakini makao yake ni majini. Kwato zake ni ndefu, nazo hutanuka akanyagapo tope, asizame. Akitishwa hujitosa majini, asionekane ila pua. Kwa hiyo motokaa haziruhusiwi humo: mgeni hana budi kwenda kwa miguu, akapanda jukwaa la mbao na kungoja kimya tangu alfajiri. Wengi hawana subira hiyo, hurudi wakisema hakuna kitu.

Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, walowezi walikuwa wakilima mashamba makubwa, na tope machoni pa mkulima ni hasara. Baada ya Uhuru mwaka 1963 mengi ya mashamba hayo yaligawanywa, na majembe yakasogea hata ukingoni mwa matete. Mikaratusi ikapandwa, nayo hunywa maji kupita kiasi. Mvua nayo huteremsha udongo na mbolea bondeni. Simlaumu mwenye ekari mbili na watoto sita. Lakini nzohe hana pa kuhamia, kwa kuwa nje ya matete yake ni mahindi matupu.

Maji ya Saiwa huingia Nzoia, mto upitao Bungoma hata ziwa la Victoria. Huko Bungoma, mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa shufwa, Wabukusu huwapeleka vijana wao mtoni alfajiri kabla ya kutahiriwa, wakawapaka matope ya baridi mwili mzima. Wazee huyajua mahali yapatikanapo matope mazuri. Na matope hayo hayachimbwi palipokauka.