Tarehe ya Ngome ya Karak

Mashariki ya Bahari ya Chumvi, katika nchi ya Yordani ya leo, uko mlima uliozungukwa na mabonde marefu, na juu ya mgongo wake ipo ngome ya Karak, ambayo ujenzi wake aliuanza Payen, aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme wa Wafaranji wa Jerusalem, mwaka 1142. Karibu nayo ilipita njia kuu ya misafara baina ya Sham, Misri na Hijaz, na mwenye Karak ndiye aliyetoza ushuru. Hivyo amani ya njia ilikuwa ndiyo riziki ya ngome.

Jambo hilo alilidharau Renaud de Châtillon, aliyeipata ngome kwa kumwoa mjane Stephanie wa Milly. Misafara akaivamia, tena akaunda merikebu, zikachukuliwa vipande vipande hata Bahari ya Shamu, na mahujaji wakaporwa, mpaka manowari za Misri zilipowaangamiza watu wake mwaka 1183.

Mwaka huo huo Salahuddin Ayyubi aliizingira Karak, na ndani mlikuwa na arusi: Humphrey wa Toron, mwana wa Stephanie, akimwoa Isabella, dada yake mfalme, binti wa miaka 11. Wafaranji wasimulia kuwa Stephanie alimpelekea Sultani vyakula vya karamu, naye akauliza maarusi wamelala mnara gani, akaamuru usipigwe. Kuta nyingine zikaendelea kutwangwa kwa mawe ya manjaniki. Adabu ya ajabu hiyo, lakini vita havikusimama.

Baadaye suluhu ikafungwa, na Renaud akaivunja kwa kuuteka msafara mkubwa uliotoka Misri, na mfalme alipomtaka arudishe mali akakataa katakata. Wako wanaomwita shujaa. Kwangu mimi ni mlinzi wa njia aliyegeuka haramia, na jeshi zima la Wafaranji liliulipia ukaidi wake huko Hattin, Julai 1187, ambako Salahuddin alimuua kwa mkono wake mwenyewe.

Ngome ilishindwa na njaa, ikasalimu amri mwishoni mwa 1188. Sultani Baybars akaitwaa mwaka 1263, akaiongezea nguvu. Na mwaka 1840 Ibrahim Pasha wa Misri akabomoa sehemu ya kuta zake. Zilizosalia zaonekana hata leo, na msafiri aendaye kusini kutoka Amman kwa njia ya zamani hupita Karak.