Herufi zilizotoka kwenye ukuta wa matofali

Ukiteremka Kalundu, bandari ya Uvira, mashariki ya Kongo, utaanza kusoma kabla hujamwona samaki. Maboti ya mbao yana majina yaliyopakwa rangi ubavuni, na ukirudi mjini kuelekea Kavimvira kuta za maduka nazo zimeandikwa. Kuna aina moja ya herufi inayonisimamisha kila mara: nene, yenye pembe kali, isiyo na mviringo hata kwenye O, ambayo imekuwa sanduku. Vijana huiita herufi ya kisasa. Fundi anayeichora ana sababu iliyo karibu zaidi na mkono wake. Kupinda brashi juu ya mbao zenye maungio ni kazi. Mstari ulionyooka unataka rula na brashi bapa tu.

Sura hiyo ya usasa ina historia yake viwandani. Huko Turin, Italia, mwaka 1952, Alessandro Butti na Aldo Novarese walikichorea kiwanda cha Nebiolo herufi kubwa tupu zilizoitwa Microgramma, pana na zenye umbo la mraba. Miaka kumi baadaye Novarese akaongeza herufi ndogo, na Eurostile ikazaliwa. Mwaka 1968 filamu ya safari za anga ya Stanley Kubrick iliiweka kwenye skrini za kompyuta yake HAL. Tangu hapo, anayetaka jambo lionekane limetoka kesho huziandika herufi zake kwa pembe. Ni mazoea ya macho: waliozoea maandishi ya kalamu, yenye mikunjo ya kiwiko na vidole, wakiona herufi isiyo na mkunjo huona mashine.

Ziwani kwetu, Tanganyika, macho yalianza na mikunjo kweli. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshatangulia, nao ni watu walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Barua za namna hiyo kutoka mashariki ya Kongo, za karne ya 19, zimehifadhiwa mpaka leo. Kisha wakaja wamisionari na watawala wa Ubelgiji na herufi za Kilatini, na shule ikazisimika. Mara zote mbili herufi ilifika kwetu ikiwa imekwisha kuchorwa na wengine.

Mara ya tatu ilichorwa Kongo yenyewe. Mwaka 1978, magharibi ya nchi, mkoani Bas-Zaïre wa siku zile, kijana aliyeitwa David Wabeladio Payi alikuwa akitazama ukuta wa matofali. Kwa masimulizi yake mwenyewe, katika mistari ya saruji iliyopita kati ya tofali na tofali aliona maumbo mawili yakijirudia, moja kama 5 na jingine kama 2. Aliamini ni ufunuo uliotoka kwa Simon Kimbangu, nabii aliyefungwa na Wabelgiji mwaka 1921 na kufia gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Kutokana na maumbo hayo mawili Wabeladio alijenga mwandiko mzima, akauita Mandombe: kwa Kikongo, kilicho cha watu weusi.

Muumini au si muumini, itazame kazi yenyewe. Umbo moja hugeuzwa juu chini au kushoto kulia, likawa konsonanti nyingine. Irabu huunganishwa na konsonanti, na silabi nzima ikasimama kama jengo dogo lenye kona. Ni herufi zenye umbo la mraba kama zile za Turin, ila hazikuchorwa kwa ajili ya tangazo wala filamu. Zilikusudiwa kuandika lugha zetu: Kikongo, Kilingala, Tshiluba na Kiswahili. Kiswahili kinazifaa hasa, maana silabi zake nyingi huishia na irabu. U-vi-ra: majengo matatu.

Ugumu wake hauna budi kusemwa. Mtoto anayechanganya b na d atapata kazi kubwa mbele ya mwandiko ambao herufi zake nyingi ni vivuli vya kioo vya wenzake. Hata hivyo shule za Kanisa la Kimbangu zimeufundisha, katika Kongo zote mbili na Angola.

Wabeladio alifariki Aprili 2013. Kilichobaki nyuma ni suala la simu. Ili herufi ipite kutoka simu hadi simu bila kuvunjika, lazima iwemo katika Unicode, orodha ya dunia ya herufi za kompyuta. Adlam, mwandiko uliobuniwa na ndugu wawili wa Guinea mwishoni mwa miaka ya 1980, uliingia mwaka 2016. Mapendekezo ya Mandombe yamepelekwa, lakini toleo la 16 la Septemba 2024 lilitoka bila yake. Nchi yenye mwandiko wake haipaswi kuutuma kama picha.

Kwa hiyo ninyi mnaochora mabango Uvira, Baraka na Fizi, mnaoijua pembe kwa mkono: jifunzeni Mandombe, na boti litakalofuata kupakwa rangi Kalundu liandikeni jina lake mara mbili.