Denmark Tunaijua, Matogoro Je?

Sekondari tulikaririshwa Denmark. Nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya, kilometa za mraba kama 43,000, bahari karibu kila upande. Kilima chake kirefu kabisa, Møllehøj, hakifiki hata meta 171. Pepo za magharibi kutoka baharini hupunguza makali ya baridi, mvua hunyesha mwaka mzima, majani yanaota, ng'ombe wanashiba. Tukajibu mtihani, tukapata maksi, basi.

Sasa njoo Lizaboni. Mji wetu wa Songea umekaa zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mkoa wa Ruvuma peke yake unaizidi Denmark kwa ukubwa, maana unapita kilometa za mraba 60,000. Mashariki ya mji kuna milima ya Matogoro, chimbuko la mto Ruvuma unaokwenda kumwaga maji Bahari ya Hindi. Juni na Julai baridi inauma kwelikweli, washikaji hawaachi makoti. Mvua nayo huja msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Mambo ya vuli na masika si ya huku. Hapa unalima mara moja, unavuna mara moja. Ghala likiisha, ngoja mwakani.

Shika hilo la mvua, halafu tuifungue historia.

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Baada ya kifo chake huko Ufipa walitawanyika, na wengine wakaja kujenga dola za Njelu na Mshope katika nchi hii. Wajerumani wakaweka boma Songea mwaka 1897. Vita vya Majimaji vilianza Umatumbi Julai 1905, na Septemba moto ulikuwa umeshafika Ungoni.

Shuleni tunaambiwa maji hayakuzuia risasi. Ni kweli, lakini risasi siyo iliyomaliza vita. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, mashamba na maghala. Tarehe 27 Februari 1906 makumi ya viongozi wa Kingoni walinyongwa hapa Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa mwaka huohuo.

Hebu piga hesabu wewe mwenyewe. Februari ni katikati ya msimu. Shamba likichomwa mwezi huo, hakuna mvua ya pili ya kukuokoa. Mbegu iliyobaki inaliwa, na msimu mpya unakukuta mikono mitupu. Kwa hiyo njaa iliua watu wengi kuliko bunduki. Wanahistoria wengine wanataja vifo 75,000 katika vita vyote, wengine hadi 300,000.

Denmark nayo ilipigwa. Mwaka 1864 Prussia na Austria waliinyang'anya Schleswig na Holstein. Lakini mashamba yaliyobaki yalibaki na wenyewe, na mwaka 1882 wakulima wa Hjedding wakaanzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika. Siagi ile tuliyoikariri ina historia ndani yake. Sisi tulipewa siagi bila vita ya 1864, na Majimaji bila mvua.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha. Ni jambo kubwa. Lakini msamaha hautatuandikia vitabu.

Wenzangu mnaoota kuandika riwaya, mimi nikiwamo, tuache kumtuma mhusika wa Songea akalime vuli. Twende kwa wazee, tuulize mwezi gani walipanda, mwezi gani ghala lilikauka, mizizi gani ya porini ililiwa. Mtu wa 1906 hakufa kwa neno "ukoloni". Alikufa akisubiri Novemba.