Kipeo na kipeuo: Jinsi ya kugeuza kimoja kuwa kingine

KATIKA vilima vya Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii, ardhi ni haba na hugawanywa baina ya warithi kizazi baada ya kizazi. Chukua mfano wa shamba la mraba lenye ukubwa wa ekari moja, yaani takriban mita mraba 4,047. Kila upande wake una urefu wa mita 63.6. Mrithi aliyeahidiwa nusu ekari yenye umbo la mraba akikubali kupimiwa mita 31.8 kila upande, kwa kudhani kuwa nusu ya eneo huleta nusu ya upande, atakuwa amepokea robo ekari tu. Haki yake ni mita 45 hivi.

Kosa hilo hutokana na kutoelewa kipeuo, dhana ambayo wanafunzi wengi huiogopa kwa sababu ya alama yake, √. Ukweli ni kwamba kipeuo ni kipeo kilichoandikwa kwa namna nyingine.

Kipeo huonyesha namba inajizidisha mara ngapi. Kwa mfano, 5^2 (alama ^ ikionyesha kipeo) ni 5 × 5, yaani 25. Kipeuo hufuata njia ya kurudi: kipeuo cha pili cha 25 ni 5.

Kanuni inayoviunganisha ni hii: namba zenye msingi mmoja zikizidishwa, vipeo vyake hujumlishwa. Kwa hivyo 9^(1/2) × 9^(1/2) ni 9^1, yaani 9. Namba chanya ambayo ikijizidisha huleta 9 ni 3. Basi 9^(1/2) ni sawa na √9.

Kwa jumla, asili ya sehemu, yaani namba ya chini, hutaja aina ya kipeuo. Kiasi, yaani namba ya juu, hubaki kuwa kipeo. Katika 8^(2/3), tatu inaagiza kipeuo cha tatu cha 8, ambacho ni 2. Kisha mbili inaagiza 2^2, na jibu ni 4. Kinyume chake, kipeuo cha tano cha 7^3 huandikwa 7^(3/5).

Makosa mawili hujitokeza mara kwa mara. La kwanza ni kugawanya badala ya kutafuta kipeuo: 16^(1/2) ni 4, wala si 8. La pili ni kudhani kuwa kipeo hasi huleta jibu hasi. Kipeo hasi hupindua namba tu, hivyo 8^(-2/3) ni 1/4. Aidha, kanuni hizi hutumika bila shaka pale ambapo namba ya msingi ni chanya.

Faida ya kugeuza huonekana vipeuo vya aina tofauti vinapokutana. Kuzidisha kipeuo cha pili cha 2 kwa kipeuo cha tatu cha 2 huonekana kugumu. Viandike 2^(1/2) × 2^(1/3), ujumlishe sehemu, na jibu ni 2^(5/6), yaani kipeuo cha sita cha 32.

Alama ya √ ilichapishwa na Christoff Rudolff mwaka wa 1525. Vipeo vya sehemu navyo vilienea baada ya Isaac Newton wa Uingereza kuvitumia katika barua zake za 1676. Nchini Kenya, mtaala wa 8-4-4 uliiweka mada ya vipeo katika Kidato cha Pili.

Matumizi yake hayaishii darasani. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,152,282 katika Kaunti ya Kisii. Ile ya 2019 ikahesabu 1,266,860. Idadi ilizidishwa kwa takriban 1.0994 katika miaka 10. Ili kupata ongezeko la kila mwaka, hesabu 1.0994^(1/10), yaani kipeuo cha kumi, ambacho ni 1.0095. Ongezeko lilikuwa asilimia 0.95 hivi kwa mwaka.

Na kule shambani, eneo likizidishwa kwa 1/2, upande huzidishwa kwa (1/2)^(1/2), yaani 0.707 hivi. Mita 63.6 mara 0.707 ni mita 45, na hapo ndipo kigingi cha mpaka kinapostahili kusimama.