Wanaume Walitangulia Miaka 103! Historia ya Sidiria ya Mazoezi Mpaka Newala

Leo tunaongelea kitu ambacho madada wengi wa Masasi na Newala wanakijua ila hawakisemi: ukikimbia, kifua nacho kinakimbia kivyake.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1874 kule Marekani, wanaume waendesha baiskeli walishatengenezewa nguo ya ndani ya kuwashikilia sehemu zao. Wanawake je? Walisubiri hadi 1977! Mwaka huo Lisa Lindahl, mkimbiaji wa Vermont, alikuwa amechoka kuumia kifua. Siku moja mumewe akaivaa ile nguo ya kiume kifuani, utani tu. Wakacheka, ila wazo likabaki. Lisa na wenzake, Polly Smith na Hinda Miller, wakachukua mbili wakaziunganisha. Sidiria ya kukimbilia ikazaliwa hapo.

Kwani shida iko wapi? Titi halina msuli ndani yake, limeshikwa na ngozi na nyuzi nyembamba tu. Ukikimbia linaenda juu chini, kushoto kulia, mbele nyuma, kama linachora namba 8. Kwa wanawake waliohojiwa kwenye London Marathon ya 2012, karibu theluthi moja walisema wanapata maumivu ya matiti. Na hao ni wa Ulaya, wenye maduka kila kona!

Turudi nyumbani. Newala iko juu ya uwanda na maji yalikuwa shida toka enzi. Bibi zetu walishuka mabondeni, wakapanda tena na maji kichwani. Kanga ukiikaza kifuani inatosha kwa kutembea. Ila mbio ni habari nyingine jamani. Binti wa sekondari akichekwa kifua siku ya mashindano, kesho anasema anaumwa tumbo, na mbio ndo basi.

Dada, sidiria ya mtumba achana nayo, TBS walishapiga marufuku. Tafuta mpya. Ukiijaribu, ruka ruka hapo hapo: mkanda wa chini usipande mgongoni, na vidole viwili vipite bila kulazimisha.

Magdalena Shauri wetu alishika nafasi ya tatu Berlin Marathon 2023, saa 2:18:41. Huwezi jua, labda Shauri mwingine yuko Newala, kakaa pembeni ya uwanja kisa sidiria tu.

Madada, nyie mnakimbia na nini? Na makaka, mnaocheka mpo? Tiririkeni hapo chini.