Ndovu wa Mlima Kenya na Mipaka Yetu

Ndovu akiingia shambani usiku, mara nyingi hakuna anayemsikia akija. Nyayo zake zina mafuta ndani kama mto wa kulalia, na mwili wa tani kadhaa hukanyaga udongo bila kishindo. Kinachomwamsha mwenye shamba ni mlio wa mgomba unaovunjwa. Kukicha, watu wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Mlima Kenya, kuanzia Irangi upande wa Embu hadi Imenti upande wa Meru, huenda kuusoma udongo. Watakuta nyayo pana kama ungo, migomba iliyochanwa mpaka kwenye moyo wake wenye maji, mahindi yaliyolazwa chini, na lundo la mavi. Mzoefu akilisogezea mkono anajua mgeni ameondoka saa ngapi.

Katika miji ya milimani ya Marekani na Kanada, kule watu wanakoteleza kwenye theluji, mgeni wa usiku ni dubu mweusi, na wenyeji wamejifunza kuyafunga mapipa ya taka yasifunguke. Afrika kusini mwa Sahara haina dubu. Mlima wetu wenye barafu una nyati, una chui, wakiwemo wachache walio weusi tititi, na una ndovu. Ndovu huyo anafuata njia aliyoonyeshwa na mamake, ambaye naye alionyeshwa na wake. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya njia hizo, na ya mipaka ambayo watu wamechora juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Zamani, mvua zilipoanza, ndovu waliteremka kutoka msituni kwenda nyanda kavu za Mbeere, Tharaka na zile zilizo chini ya milima ya Nyambene, ambako majani mabichi yalikuwa yameota. Jua likikaza walirudi mlimani kutafuta maji na kivuli. Wengine walielekea kaskazini hadi Samburu. Waembu na Wameru walikuwa wamejenga katikati ya safari hiyo. Walifyeka msitu kidogo kidogo kwa moto na chuma, wakapanda mtama, wimbi na viazi vikuu, wakalinda usiku kwa kelele na mawe. Kwenye mapito ya wanyama walichimba mashimo ya mitego na kuyafunika kwa matawi. Ndovu aliyetumbukia alikuwa nyama ya kijiji kizima, na pembe zake zikawa mali.

Pembe hizo ndizo zilizowaleta wageni. Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, aliendesha misafara ya pembe hadi Mombasa, na ni nyumbani kwake Kitui ambako mmishonari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu tarehe 3 Desemba 1849. Huko Ulaya wapo wataalamu waliokataa kuamini kwamba pana theluji karibu na ikweta. Kivoi, ambaye hakuhitaji kuandikiwa kitabu ili aamini, alikuwa ameshafika jirani na mlima huo kwa biashara yake. Miaka 40 na zaidi baadaye, katikati ya miaka ya 1890, mwindaji Mwingereza Arthur Neumann alipiga kambi kwenye vilima vya Nyambene, akatembea na wawindaji Wandorobo walioyajua mapito yote, akawapiga ndovu risasi kwa ajili ya pembe. Kitabu alichokitoa mwaka 1898 ni kumbukumbu ya jinsi wanyama walivyokuwa wengi, na pia ya jinsi walivyoanza kwisha.

Kisha Waingereza wakaja kukaa. Embu ilipigwa na kutiishwa mwaka 1906, na boma la Meru likaanzishwa mwaka 1908 na Edward Horne. Serikali ya kikoloni ilipenda mistari iliyonyooka. Msitu ukatangazwa kuwa mali ya serikali, na mtu aliyezoea kuingia kutafuta asali, kuni na dawa akaambiwa kuwa ni mvamizi. Mwaka 1949 sehemu ya juu ya mlima ikawa hifadhi ya taifa, huku msitu wa chini ukibaki chini ya idara ya misitu. Huu ulikuwa mgawanyo mbaya tangu siku ya kwanza. Aliyelinda miti hakuhesabu wanyama, na aliyelinda wanyama alikuwa juu kwenye mawe na baridi, ilhali ndovu wenyewe walikuwa chini msituni, hatua chache kutoka kwenye viazi vya watu.

Mpaka wa kwanza uliochimbwa ardhini haukuchimbwa kwa ajili ya ndovu hata kidogo. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na wapiganaji wa Mau Mau wakaingia msituni, wakiongozwa huku Mlima Kenya na Waruhiu Itote, Jenerali China. Ili kuwatenga na waliowapa chakula, serikali iliwakusanya wanavijiji, wengi wao wanawake, ikawalazimisha kuchimba handaki kandokando ya msitu. Lilikuwa na urefu wa kilomita 80 hivi na kina cha mita tatu hivi, na chini yake kukasimikwa vigingi vya mianzi vilivyochongwa. Watu walichimba kwa majembe, chini ya bunduki, bila malipo. Anayepita leo kwenye ukingo wa msitu na kuona mtaro ulioota magugu asidhani ni kazi ya maji ya mvua pekee.

Ndani ya msitu, vita viliwafikia wanyama pia. Ndege za kijeshi za Uingereza zilidondosha mabomu juu ya miti, zikaua na kujeruhi ndovu, nyati na vifaru. Mnyama mwenye kidonda ni mkali kwa kila anayemkaribia, awe askari au mpiganaji. Wapiganaji nao walijifunza kuishi na hao majirani: kusikiliza ndege wanaposhtuka, kupita kwenye mapito ya ndovu bila kuacha alama. Musa Mwariama, kutoka Meru, alikaa msituni hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963, akatoka akiwa hai. Ni wachache wa kizazi chake walioujua msitu ule kumzidi.

Baada ya uhuru, watu waliongezeka na ardhi haikuongezeka. Mashamba yalipanda mlima hadi kwenye mstari wenyewe, na kule tambarare, njia za kushukia zikazibwa na makazi mapya. Mpaka wa pili ulipandwa. Mwaka 1986, Rais Daniel arap Moi aliagiza misitu ya milimani izungushiwe ukanda wa majani ya chai, na hapo ndipo zilipotoka Nyayo Tea Zones. Hesabu ilikuwa hii: chai ni kijani mwaka mzima, inafanya mpaka uonekane hata kutoka angani, inampa mwananchi kazi, na ndovu haili. Katika Embu na Meru wazo hili lina sura nzuri hata leo, na sipingi kwamba liliokoa miti. Lakini ndovu kutoila chai si sawa na chai kumzuia. Anatembea katikati ya mistari, tena kwa adabu, mpaka afike kwenye mahindi.

Wakati huohuo, sheria ilikuwa imemwacha mkulima peke yake. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Ulikuwa uamuzi wa haki, maana majangili walikuwa wanamaliza kila kitu. Katika Hifadhi ya Meru, nyumba ya yule simba jike Elsa aliyeifanya hifadhi hiyo ijulikane duniani, vifaru weupe watano waliokuwa wakilindwa mchana na usiku waliuawa kwa mara moja mwaka 1988. Lakini mwaka uliofuata, sheria ilipofanyiwa marekebisho, fidia ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama iliondolewa. Kwa miaka zaidi ya 20, mtu aliyepoteza ekari moja ya mahindi kwa usiku mmoja alirudi nyumbani na pole tu. Ninaamini chuki nyingi dhidi ya wanyama katika vijiji vyetu ilizaliwa katika miaka hiyo, na haikuzaliwa na ujinga kama wageni wengine wanavyopenda kusema. Sheria ya mwaka 2013 ilirudisha fidia ya mazao na kuweka shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa. Kulipwa kwenyewe kumekuwa kwa kuchelewa, na wajane wanalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mwaka 1999, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilirusha ndege juu ya mlima kuangalia hali ya msitu. Kilichoonekana kiliwashtua hata wazoefu. Maelfu ya miti ya kafuri yalikuwa yamekatwa, tanuri za makaa zilizidi 2,000, na mashamba ya bangi yalikuwa yamefichwa katikati ya miti. Msitu wa Imenti ya Chini, ulio karibu na mji wa Meru, ulikuwa umeliwa vibaya sana. Ndovu wa Imenti, ambao watoto wa mjini waliweza kuwasikia, walibaki katika kisiwa cha miti kinachozidi kupungua, na kila walipotoka walikutana na ukuta wa mtu. Mwaka 2000 msitu wote uliwekwa chini ya KWS kama hifadhi, na miti ikaanza kupata nafuu. Ndovu nao wakapata kivuli. Njaa ya kusafiri ilibaki palepale.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo, katika historia hii yote, nalipenda kuliko mengine. Upande wa kaskazini wa mlima, katika Meru, mashamba makubwa ya Marania na Kisima yalikubali kutoa kipande cha ardhi, na mashirika ya uhifadhi pamoja na hifadhi ya Lewa yakachanga fedha, kiasi cha dola milioni moja. Wakatengeneza ushoroba wa kilomita 14 hivi, wenye uzio pande zote mbili, unaotoka msituni na kuteremka hadi msitu wa Ngare Ndare na Lewa. Kizuizi kilikuwa barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru, yenye malori mchana na usiku. Wakachimba pango la zege chini yake, kubwa kiasi cha ndovu dume kupita bila kuinamisha kichwa.

Kulikuwa na mashaka. Je, mnyama mwenye akili kiasi hicho ataingia kwenye tundu jeusi huku magari yakinguruma juu ya kichwa chake? Tarehe 1 Januari 2011, ndovu dume aliyepewa jina la Tony alifika, akaingia, akatokea upande wa pili. Hakuna aliyemfundisha. Baada yake walifuata wengine kwa mamia, majike na ndama wao pia. Mwaka 2013 UNESCO ikaupanua Urithi wa Dunia wa Mlima Kenya ili uzikumbatie Lewa na Ngare Ndare, kwa kuwa sasa zilikuwa nchi moja tena kwa mnyama anayetembea.

Mpaka wa tatu ni waya. Rhino Ark, shirika lililozungushia Aberdare uzio wa kilomita 400 hivi kwa miaka 20 hadi mwaka 2009, lilianza kazi kama hiyo Mlima Kenya mwaka 2012. Waya wa umeme hauui. Mkondo hupita kwa mapigo, pigo moja kila sekunde hivi, na anayeugusa hupata mshtuko wa kumrudisha nyuma. Wakulima wa Embu na Meru wanaokaa nyuma ya uzio huo watakuambia kwamba wamelala usingizi ambao wazazi wao hawakuujua, na kwamba watoto wanaenda shule asubuhi bila kusindikizwa. Hiyo ni neema kubwa na asiibeze mtu anayeishi Nairobi. Kwa upande mwingine, ndovu hugundua mapema kwamba pembe zao hazipitishi umeme. Dume mkaidi huinua waya kwa pembe, huusukuma, na kama nguzo ni dhaifu uzio unalala. Ndiyo maana walinzi wa uzio hutembea kilomita kadhaa kila siku wakikagua nguzo na kukata majani yanayogusa waya. Mkulima akiona mti umeangukia uzio asingoje wengine waripoti.

Na uzio usio na lango unaishia wapi? Jibu liko Mbeere, kusini mwa Embu, kwenye Hifadhi ya Mwea, pale mto Thiba unapokutana na Tana. Hifadhi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1976 ina kilomita za mraba 42 tu. Mwaka 1979 ilikuwa na ndovu 49, na uwezo wake ni ndovu 50 hivi. Ilizungushiwa uzio, ndovu wakalindwa vizuri, wakazaana. Kufikia mwaka 2024 walikuwa 156. Miti ilimalizwa, na wanyama wakaanza kuvunja uzio kuelekea mashamba ya watu. Oktoba mwaka huo KWS ililazimika kuwahamisha. Helikopta ilipita alfajiri kabla ya joto, ndovu wakapigwa sindano za usingizi, wakafungwa miguu kwa mikanda na kuinuliwa kwa kreni kichwa chini, wakapakiwa kwenye malori. Ndovu 50 wa kwanza wakapelekwa Hifadhi ya Aberdare. Ukiona mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu akining'inia hewani kwa miguu yake minne, unaelewa gharama ya kuziba njia.

Safari ambayo mababu wa ndovu hao wangeifanya kwa miguu ilifanywa kwa lori, na Aberdare nayo ina uzio. Pango la chini ya barabara ya Nanyuki liligharimu fedha mara moja. Kuhamisha ndovu kutahitaji kurudiwa kila wanapoongezeka.

Kila kaunti inatakiwa kisheria kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi, na wananchi wana haki ya kuusoma na kuuhoji kabla haujapitishwa. Msomaji wa Meru au Embu, siku mkutano huo utakapoitwa katika wadi yako, nenda. Omba uonyeshwe ramani, na uulize ndovu watapita wapi.